Kijani, Kijivu, Nyekundu: Rangi Zilizowakusanya Akina Mama wa Njombe



Kila mwanamke aliyewahi kuongoza kikundi anaujua ugonjwa huu. Siku ya kwanza mnakuwa wengi na kila mtu ana hamu. Mwezi wa pili wanaanza kutoa udhuru. Mwezi wa tatu mmebaki wanne, wale wale wa siku zote, na mmoja wenu ndiye mwenye nyumba. Iwe ni darsa, kikundi cha kuweka akiba, kamati ya harusi au kikundi cha akina mama wenye watoto wachanga, mambo huwa hayo hayo.

Siku hizi dawa inayopendekezwa ni kuufanya wajibu uwe mchezo. Wapeni watu alama. Anayehudhuria mara 10 apate nyota, anayemaliza juzuu apandishwe cheo, na jina la anayeongoza liwekwe juu ili wengine walione. Ni kweli kwamba watu huchangamka. Tunaambiwa kuwa hii ni elimu mpya iliyotoka kwa watengeneza programu za simu, lakini bibi zetu wa Pwani walikuwa wakipeana vyeo na kushindana tangu zamani. Na katika miaka ya 1980, kwenye nyanda za baridi ambako sasa ni Mkoa wa Njombe, akina mama walikusanywa kwa rangi tatu tu zilizochorwa kwenye kadi.

Leo tunazisimulia habari hizo mbili, ya Pwani kwa ufupi na ya Njombe kwa kirefu. Zote mbili zinaonyesha kuwa alama huwavuta watu. Swali linalotuhusu sisi, wenye vikundi na wenye harusi, ni hili: wakishavutwa wanapelekwa wapi?

Makanali wa jioni

Kuanzia miaka ya 1890, katika miji ya Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma iliyoitwa beni. Wanaume walivaa sare zinazofanana na za askari wa kizungu, wakapiga matarumbeta na ngoma, wakatembea kwa gwaride. Ndani ya kila kundi kulikuwa na vyeo: kingi, jenerali, kanali, sajini. Ngoma hiyo ilisafiri pamoja na wafanyabiashara na askari hadi bara, na Tanganyika ikapata makundi mawili makubwa yaliyoshindana mji kwa mji, Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1975. Mvuto wake ni rahisi kuuelewa. Mtu aliyeshinda kutwa akibeba mizigo ya wenzake, jioni alivaa sare akaitwa kanali, na watu wakampigia saluti.

Wanawake nao walikuwa na lelemama. Huko Mombasa, Margaret Strobel, aliyechapisha kitabu chake juu ya wanawake wa Kiislamu wa mji huo mwaka 1979, anaeleza vyama vya lelemama vilivyokuwa na viongozi, vyeo, sare na michango. Viwili kati ya vilivyojulikana sana ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Chama kimoja kikifanya karamu, kingine hakilali mpaka kijibu kwa karamu kubwa zaidi. Hapa kwetu Unguja, katika karne hiyo hiyo, vilikuwapo vikundi vya taarab vya wanawake vilivyojiita Royal Air Force na Royal Navy. Majina hayo ya majeshi ya anga na ya majini ya Waingereza yanaonyesha wazi namna walivyoyachukulia mashindano.

Tusiwadharau wanawake hawa. Ndani ya vyama vile walijifunza kushika hazina, kuitisha mkutano, kupatanisha waliogombana na kusimama mbele za watu wakasema. Mwanamke wa daraja la chini aliweza kupanda cheo kwa bidii yake mwenyewe. Wakati wa msiba na wa harusi, wanachama wa chama chake walikuwa ndugu zake.

Lakini tazama kilichokuwa kinahesabiwa. Ushindi ulikuwa wa aliyepamba zaidi, aliyelisha zaidi, aliyechinja zaidi. Alama ilihesabu matumizi, kwa hiyo watu wakatumia. Gharama za ngoma na sherehe zikawa malalamiko ya kudumu ya wanazuoni na wazee wa Pwani. Miongoni mwa waliokemea israfu alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa akichapisha gazeti la Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930. Akina mama wale hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wanacheza mchezo uliokuwa mbele yao, na mchezo ule haukuwa na njia ya kumpa alama mwanamke aliyeweka akiba.

Bibi harusi anayesoma hapa anaijua habari hii bila ya kitabu. Sare ya singo, sare ya sendofu, sare ya kupeleka begi, nani ametuza kiasi gani na nani ameonekana na sare ya mwaka jana. Ni mchezo ule ule wa lelemama, na hesabu zake ni zile zile.

Ghala limejaa, mtoto amekonda

Sasa tuiache Pwani twende bara. Tunakwenda mbali kwa sababu huko kilijaribiwa kipimo kisicho na sare wala ng'ombe wa kuchinjwa, na matokeo yake yaliandikwa kwa tarakimu.

Ukitoka Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, utafika Makambako baada ya kuvuka tambarare na kupanda milima. Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu inaendelea Mbeya na Zambia, na nyingine inakata kusini kwenda Njombe hadi Songea. Kutoka hapo hadi Njombe mjini ni kiasi cha kilomita 60. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai watu huvaa makoti mazito mchana kweupe. Ni nchi ya mahindi, maharage, viazi mviringo, chai na mbao, na siku hizi maparachichi yake yanauzwa hadi ng'ambo.

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo, Njombe, Makete na Ludewa zilikuwa wilaya za Mkoa wa Iringa. Kwa hiyo anayetafuta habari za akina mama wa Njombe wa miaka ya 1980 atazikuta zimeandikwa kwa jina la Iringa.

Mkoa huo wa Iringa ulikuwa mmoja wa mikoa ya kusini iliyotegemewa na taifa kwa mahindi. Magunia yalipakiwa kwenye malori kwenda kulisha miji. Wakati huo huo, watoto wa walima mahindi walikuwa wamekonda. Zaidi ya nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka 5 waliopimwa walikuwa na uzito pungufu kuliko umri wao. Kama tungekuwa tunazungumzia nchi ya ukame tungesema ni njaa. Hapa ghala lilikuwa na kitu, sufuria ilikuwa na kitu, na mtoto bado hakukua.

Aliyekuwa haoni tatizo zaidi alikuwa ni mama mwenyewe, na haikuwa kosa lake. Mtoto mwenye uzito pungufu haonekani mgonjwa. Anacheza kidogo, analala sana, na ukimweka pamoja na watoto wa jirani analingana nao, kwa kuwa nao pia wana uzito pungufu. Katika kijiji ambacho nusu ya watoto wako hivyo, hali hiyo inakuwa ndiyo sura ya kawaida ya mtoto.

Mizani chini ya mti

Mwaka 1983 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa lishe mkoani Iringa pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Serikali ya Italia. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa mhimili wake. Miongoni mwa wataalamu waliouchambua na kuuandikia alikuwa Dkt. Olivia Yambi, Mtanzania, pamoja na wenzake Urban Jonsson na Björn Ljungqvist. Mpango ulianza katika vijiji 168, kisha ukaenea katika vijiji vingine vya mkoa.

Kiini chake kilikuwa siku ya afya ya kijiji. Kila baada ya miezi mitatu, akina mama wote wenye watoto chini ya miaka 5 waliitwa pamoja. Mizani ilining'inizwa, mtoto akavishwa kaptula ya kitambaa yenye mikanda, akapimwa huku analia na watu wanamcheka kwa mapenzi. Uzito ulitiwa nukta kwenye kadi, na kadi ilikuwa na rangi.

Kijani maana yake uzito unaridhisha kwa umri wake. Kijivu maana yake umepungua, yaani uko chini ya asilimia 80 ya uzito unaotarajiwa kwa umri huo. Nyekundu maana yake uko chini ya asilimia 60, na hapo mtoto yuko hatarini.

Tuzame hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye elimu yote. Mama asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kuisoma kadi ile. Hakuhitaji kuambiwa na mganga wala mwalimu. Aliona nukta ya mwezi huu iko wapi na ya miezi mitatu iliyopita ilikuwa wapi, akajua mwanawe anapanda au anashuka. Kitu kilichokuwa kimefichika kwa miaka kikawa kinaonekana kwa macho. Na kwa vile kiliweza kubadilika, mama alikuwa na sababu ya kurudi baada ya miezi mitatu mingine: kuona kama nukta imepanda.

Huo ndio mvuto wa mchezo wowote. Unajua ulipo, unajua unapotakiwa kufika, na unajua lini utapimwa tena. Watengeneza programu za simu wa leo wanatumia kanuni hiyo hiyo. Akina mama wa Njombe waliipata kwa kadi, kalamu na mizani.

Alama iliyoitisha kikao

Kama mpango ungeishia kwenye kadi, tusingekuwa na la kuwasimulia. Kliniki nyingi duniani zimepima watoto, zikaandika, zikamwambia mama amlishe mtoto vizuri, zikafunga daftari. Mama anarudi nyumbani na rangi yake ya kijivu na hajui afanye nini.

Huku mambo yalikwenda mbele hatua tatu. Waandaaji waliziita kutathmini, kuchambua na kutenda, kisha unatathmini tena. Baada ya kupima, hesabu ya kijiji kizima ilijumlishwa: wangapi kijani, wangapi kijivu, wangapi nyekundu. Hesabu hiyo ilipelekwa kwenye serikali ya kijiji na kamati yake ya afya, kisha ikapanda kwenda kata, tarafa, wilaya na mkoa. Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji, mwanaume aliyezoea kuulizwa habari za barabara na magunia, sasa aliulizwa kuhusu watoto wekundu wa kijijini kwake. Uji wa mtoto ukawa ajenda ya kikao.

Kikao kilipouliza sababu, majibu yalitoka jikoni na shambani. La kwanza ni idadi ya milo. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, na akilishwa mara mbili kwa siku pamoja na wakubwa hawezi kula cha kumtosha hata chakula kiwe kingi. Anahitaji kulishwa mara nyingi zaidi, kidogo kidogo.

La pili ni uji wenyewe. Uji mzito wa mahindi humshibisha mtoto haraka, na ukiuongezea maji upate kumezeka unampa maji zaidi kuliko chakula. Dawa yake ilikuwa tayari kijijini: kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Kijiko kidogo cha kimea kikikorogwa kwenye uji mzito, uji unalainika bila ya kuongezwa maji, na mtoto anapata nguvu nyingi kwa vijiko vichache. Akina mama wa huko walikijua kimea siku zote kwa kutengenezea pombe. Msomaji wetu asitie shaka, kimea chenyewe ni unga tu wa nafaka iliyoota. Ujuzi wao wa zamani ulihamia kwenye kikombe cha mtoto.

La tatu lilikuwa gumu zaidi: muda wa mama. Mama analima, anachota maji, anatafuta kuni, anapika, na mara nyingi ana mtoto mgongoni na mwingine nyumbani. Ukimwambia amlishe mtoto mara tano kwa siku, nani atauchochea huo moto? Ndipo vijiji vikaanzisha vituo vya kulishia watoto mchana, wanakijiji wakachangia unga na wakapokezana ulezi. Kila kijiji kilichagua wahudumu wa afya wake, mwanamke na mwanaume, wakafundishwa, na hao ndio waliokwenda nyumba hadi nyumba kwa wenye watoto wekundu. Chanjo na matibabu ya kuharisha vilikuwamo ndani ya mpango huo huo.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika vijiji vile 168, kati ya 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka takriban 56 katika kila 100 hadi 38. Wale wa nyekundu walishuka kutoka zaidi ya 6 katika kila 100 hadi chini ya 2. Namna yao ya kuchambua sababu za utapiamlo, kuanzia kinywani mwa mtoto hadi kwenye mfuko na madaraka ya jamii, iliingia kwenye mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990. Wanafunzi wa lishe dunia nzima wanafundishwa mchoro huo hadi leo, na wengi hawajui kwamba mizizi yake iko kwenye vijiji vya nyanda za juu za Tanzania.

Kile ambacho mizani haikuona

Historia ya haki haiishii kwenye sifa. Kadi ya rangi ilikuwa na mipaka yake.

Wa kwanza ni aibu. Rangi inayoonekana na mama inaonekana pia na jirani. Ni rahisi kuelewa kwa nini mama anayejua mwanawe amekonda angependelea kubaki nyumbani siku ya kupima, ilhali yeye ndiye anayehitajika zaidi kuliko wote. Kinachoamua kama atakuja au hatakuja ni kinachofuata baada ya rangi kutangazwa. Akijua kuwa nyekundu itamletea kijiko cha kimea na mtu wa kumsaidia, atakuja. Akijua itamletea minong'ono, atabaki ndani.

Mpaka wa pili ni kwamba alama huona kile tu inachokipima. Kadi ile ilipima uzito. Haikupima urefu. Mtoto aliyedumaa, yaani aliye mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu, anaweza kuonekana wa kuridhisha kwenye mizani ilhali ukuaji wake umeshapunguzwa. Na udumavu una saa yake: unajengeka zaidi ndani ya siku 1,000, tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili.

Mpaka huo si jambo la kupita. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Mkoa wa Njombe wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Njombe ikiwa bado karibu na nusu na Iringa ikiwa juu yake, wakati kwa taifa zima ilikuwa takriban watoto 30 katika kila 100. Mikoa hiyo miwili inalisha nchi. Malori ya viazi yanapita Makambako kila siku, na bado habari ya ghala lililojaa na mtoto asiyekua haijaisha.

Hatusemi kwamba mpango wa miaka ya 1980 ulishindwa. Watoto waliotoka kwenye nyekundu walitoka kweli, na wapo waliokuwa watu wazima wenye watoto wao kwa sababu hiyo. Tunasema kwamba mafanikio yale yalikaa juu ya kazi: kupima, kukaa kikao, kwenda nyumba hadi nyumba, kurudi tena baada ya miezi mitatu. Kadi ikibaki bila ya kikao, inakuwa karatasi yenye rangi nzuri.

Maswali matatu kabla ya kugawa nyota

Sasa turudi kwenye vikundi vyetu. Dini yetu haikatazi kushindana. Inatuhimiza tukimbilie kheri, na ndiyo maana mashindano ya kuhifadhi Qur'ani yana heshima yake katika visiwa hivi. Lakini kabla hamjaanza kupeana nyota na vyeo, kaeni mjiulize mambo matatu ambayo lelemama na mizani ya Njombe yanatufundisha.

La kwanza: alama yetu inahesabu nini hasa? Watu watakupa kile unachokihesabu. Ukihesabu kurasa zilizosomwa, watasoma mbio. Ukihesabu kiasi cha fedha kilichotuzwa, watakopa watuze. Kikundi cha akiba kinachompongeza aliyeweka fedha nyingi kuliko wote kinampongeza tajiri wake. Kikimpongeza aliyeweka kila wiki bila ya kukosa, hata kama ni shilingi 1,000, muuza maandazi naye ana nafasi ya kuongoza.

La pili: alama ikishatoka, kikao kinakaa? Mwenzetu aliyekosa darsa mara tatu ni nukta ya kijivu. Je, kuna anayekwenda kugonga mlango wake? Huenda mtoto anaumwa. Huenda mume amesafiri na hana wa kumwachia watoto. Huenda hana nauli, na ana haya kusema. Njombe walipouliza sababu waligundua kwamba mzigo ulikuwa kwenye muda wa mama, na wakatafuta mtu wa kumshikia mtoto. Wengi wa akina mama wale hawakuwa Waislamu, lakini suala la nani anakushikia mtoto ni letu sote.

La tatu: aliye mwisho anapata nini? Katika mashindano mengi aliye wa kwanza anapata zawadi na aliye wa mwisho anapata aibu, kwa hiyo anaondoka kimya kimya. Kule Njombe mambo yaligeuzwa. Mtoto wa kijani alirudi nyumbani na furaha ya mama yake, ikatosha. Mtoto wa nyekundu ndiye aliyepata ziara, unga na macho ya kijiji kizima. Kikundi ambacho cha mwisho ndiye anayehudumiwa kwanza, hata aliyeshindwa anajua kwa nini aje wiki ijayo.

Kwa bibi harusi wetu tuna neno moja zaidi. Kamati ya harusi yako itakuwa na alama zake, upende usipende. Mama mzazi, somo na mashoga watahesabu kitu. Una haki ya kukaa nao mapema, kwa adabu, ukawaambia nini kihesabiwe. Wapo wanaoamua kwamba sare iwe ile ambayo kila mtu anayo nyumbani, na mchango uliobaki uwekwe kwa ajili ya maisha yatakayoanza siku ya pili. Na inshaallah maisha hayo yakikujaalia mtoto, hutasubiri kukabidhiwa kadi ya kliniki ndipo uanze kuhesabu. Siku zake 1,000 zinaanza kabla hajazaliwa, kwenye sahani yako wewe: dagaa, maharage, mchicha, matunda na vidonge vya madini ya chuma unavyopewa kliniki.

Siku utakapoiona nukta yake kwenye kadi, itazame kama walivyoitazama akina mama wale. Uliza imepanda au imeshuka, na kama imeshuka, uliza nani anakuja kukusaidia. Kama wewe una nafasi na ya jirani yako ndiyo iliyoshuka, nenda wewe.

Wassalaam alaykum.